Tusilegeze seva nzima kwa ajili ya programu moja kongwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotusumbua sisi mafundi tunaotunza seva za wavuti za Java (zinazoendesha programu za mtandaoni zilizoandikwa kwa lugha ya Java), na ambalo linawagusa hata wasiojua kwamba lipo, kwa kuwa wao ndio wanaokaa mbele ya kompyuta wakiambiwa kwamba mtandao una tatizo ilhali mtandao ni mzima kabisa. Jambo lenyewe ni namna tunavyozipanga seva hizo pale programu kongwe inapokwenda kinyume na kanuni.

Nianze na kisa nilichokishughulikia mwenyewe. Taasisi moja ilihamisha programu yake ya ripoti kutoka toleo la mwanzomwanzo la Tomcat 7, ambayo ni seva ya namna hiyo, kwenda Tomcat 9. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka, orodha zikaonekana, kila mtu akashusha pumzi. Kesho yake mtumishi wa uhasibu alibofya ripoti ya mwezi akapata ukurasa wa kosa wenye namba 400, yaani ombi lisilo sahihi. Alirudia, ikawa vilevile. Kumbukumbu za programu (logi) hazikuwa na neno lolote, na hapo ndipo siku nzima ilipotupotea, kwa sababu tulikuwa tukitafuta kosa mahali ambapo ombi lile halikuwahi kufika. Lilikataliwa mlangoni, katika sehemu ya seva inayosoma mstari wa kwanza wa ombi kabla programu haijaitwa. Taarifa ya kukataliwa ilikuwamo katika kumbukumbu za seva yenyewe, lakini ilijificha: Tomcat huandika kosa la aina hiyo waziwazi mara ya kwanza, kisha yanayofuata huyashusha hadi daraja la uchunguzi, ambalo kwa kawaida halionyeshwi. Anayesoma mistari ya mwisho peke yake hataona kitu.

Kilichokataliwa kilikuwa alama moja tu, mstari wima ( | ). Mwandishi wa programu aliutumia kutenganisha mwezi na idara ndani ya anwani, bila kuugeuza kuwa %7C kama inavyotakiwa na RFC 3986, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 2005. Vivinjari navyo, mstari huo unapokuja baada ya alama ya kuuliza, huupeleka vivyo hivyo ulivyo. Kwa miaka mingi seva iliupokea bila shida. Mwaka 2016 watunzaji wa Tomcat waliziba udhaifu uliopewa namba CVE-2016-6816, nao haukuwa jambo dogo: iwapo mbele ya Tomcat kuna seva wakala (proksi, inayopokea maombi kabla yake) inayopitisha herufi haramu lakini inazifasiri kwa namna yake, mshambuliaji angeweza kupenyeza data zake ndani ya jibu na kuchafua akiba ya kurasa wanazoletewa watu wengine. Ukali huu wa kukataa herufi haramu, tunaoulalamikia, ulitoka huko, na kila anayetaka kuupunguza anapaswa kwanza kujua ulikuja kuzuia nini.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Fundi mwenzangu alitaka tunakili mstari mmoja unaoruhusu kila alama inayoweza kulegezwa, kuanzia mabano hadi alama za nukuu, tuubandike katika server.xml, faili la mipangilio ya seva, na kuondoka. Ripoti ingefunguka, sikatai. Lakini sifa ya relaxedQueryChars, inayotaja alama zinazoruhusiwa, hukaa kwenye kiunganishi, yaani ule mlango wa seva wenye namba yake ya poti, wala haikai kwenye programu. Ukiilegeza hapo, umeilegezea kila programu inayopitia mlango huo, zikiwemo zile mpya zilizoandikwa vizuri na ambazo hazikuomba upendeleo wowote. Hata kuongeza kiunganishi cha pili peke yake hakutoshi, kwa maana viunganishi vyote vilivyo ndani ya huduma moja (Service, yaani fungu la viunganishi na programu ndani ya seva) hufikia programu zote za huduma hiyo. Njia inayofaa ni kuipa programu kongwe huduma yake yenyewe yenye kiunganishi chake, au, kama ninavyopendelea mimi, kuianzishia Tomcat yake kwa kutenga CATALINA_BASE (folda ya mipangilio na faili zake za kazi), ili iwe na kumbukumbu zake, toleo lake la Java, na iweze kuwashwa upya bila kuwagusa wengine. Tulifanya hivyo, tukaruhusu mstari wima peke yake. Ripoti ikafunguka.

Si kila ulegezaji unahitaji kazi yote hiyo. Vidakuzi (cookies), vipande vya data ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari, ni mfano mzuri. Programu nyingi za zamani huweka jina la kikoa (domain) likianza na nukta, kwa sababu RFC 2109 ya mwaka 1997 ndivyo ilivyoamuru. RFC 6265 ya mwaka 2011 ilibadilisha utaratibu huo, na tangu Tomcat 8.5 kichakataji cha kawaida cha vidakuzi huikataa nukta hiyo na kurusha kosa. Hapa si haki kumlaumu mwandishi wa programu, kwa kuwa yeye alifuata kanuni ya wakati wake na ni kanuni iliyohama. Katika Tomcat 8.5 na 9 dawa yake ni LegacyCookieProcessor, kichakataji cha mtindo wa zamani, nayo huandikwa katika context.xml, faili la mipangilio la programu husika, hivyo jirani zake hawaguswi. Angalizo langu ni kwamba wapo wanaoiandika katika context.xml iliyo kwenye folda ya conf ya seva, ambayo hurithiwa na programu zote, kisha wakadhani wamefanya jambo dogo.

Yapo pia yasiyotibika kwa mipangilio. Tomcat 10 ilihama kutoka majina ya vifurushi vya msimbo yanayoanza na javax kwenda yanayoanza na jakarta, baada ya Oracle kuikabidhi Java EE (mkusanyiko wa kanuni za programu za Java za seva) kwa Eclipse Foundation, na programu inayotumia majina ya zamani haitafanya kazi humo mpaka igeuzwe. Chombo cha kuigeuza kipo, na hata ukiiweka katika folda ya webapps-javaee seva itaigeuza yenyewe.

Najua wapo watakaosema programu irekebishwe, tuachane na kubembeleza makosa. Nakubaliana nao pale msimbo unapopatikana. Kwa ripoti ile ilikuwa kazi ya mstari mmoja wa JavaScript. Lakini mara ngapi tumeletewa faili la WAR (programu iliyokwisha kufungashwa) peke yake, bila msimbo wake, aliyeliandika ameshaondoka, na watu mia wanalitegemea kila siku? Wapo pia wanaoona heri kubaki na seva ya zamani. Tomcat 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Machi 2021, na Tomcat 8.5 tarehe 31 Machi 2024, maana yake ni kwamba udhaifu unaogunduliwa leo hautazibwa humo na watunzaji wake.

Ninachowasihi mafundi wenzangu ni kuandika. Nimefungua server.xml nyingi zenye mistari ya kulegeza ambayo hakuna aliye hai katika ofisi hizo anayejua iliwekwa kwa ajili ya programu gani, na kwa hiyo hakuna anayethubutu kuifuta. Katika ile ya taasisi niliyoitaja, juu ya kiunganishi kipya tuliandika maelezo ya mistari mitatu: programu inayohusika, ukurasa unaotumia mstari wima, na kwamba ruhusa hiyo iondolewe mara ukurasa huo utakapoanza kutuma %7C. Msimbo wake umekwisha kupatikana, na marekebisho yanafanyiwa majaribio.

Wako,
Fundi wa seva na msomaji wa gazeti hili