Vijana wa Kamukunji, toeni hayo magunia

Wanangu mafundi, hamjambo. Juzi nilipita kwa mashedi ya jua kali hapo Kamukunji, Nairobi, kusalimia nikaona kijana mmoja anachomelea kitu yake, nikisogea akaifunika na gunia haraka kama mtu ameficha chang'aa. Nikacheka, halafu nikasikia uchungu, juu huyo nilikuwa mimi.

Miaka ya tisini nilitengeneza mashine ya mkono ya kukata viazi vya chipsi. Nilikuwa naifanya jioni watu wakienda nyumbani ndio mtu asione. Shida ilikuwa visu, wiki mbili vimekuwa butu, wateja wanarudisha, nabadilisha chuma, nabadilisha tena, pesa inaisha, hivyo hivyo karibu miaka minne. Siku moja tukiwa matangani nikakaa na jirani, shedi ya tatu kutoka kwangu, mtu wa visu vya bucha, nikamdokezea kidogo tu. Akaniuliza, kwani unatumia bati? Chukua springi ya lori, ichome iive nyekundu, zamisha kwa oili, halafu uirudishie moto kidogo isiwe ya kuvunjika. Dakika tano!

Na hilo jiko mnauza kila siku, la kiuno na udongo ndani, mnadhani lilitoka wapi? Miaka ya 80 watu walichukua wazo la jiko la Thailand wakaliunganisha na letu la mabati matupu, lenye lilikuwa linamwaga moto pande zote. Mfinyanzi akafanya udongo, fundi wa bati akafanya nje, mwingine akaunganisha. Hakuna aliyelifungia kwa hataza, yaani patent, ile haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasikopi, na leo liko nchi nyingi za Afrika. Siwadanganyi, ubaya ulikuwepo, watu walikopi ovyo, udongo haujaiva, unapasuka mapema, wateja wakalalamika. Lakini mafundi wa mtaa wa Shauri Moyo walikula na hilo jiko, na bado wanakula.

Nasikia kuna profesa Mmarekani, Henry Chesbrough, aliipea hii kitu jina mwaka wa 2003, ubunifu wazi, kampuni isijifungie na akili zake peke yake. Sawa, ashukuriwe, sisi tulikuwa tumeshapika ugali nayo.

Sasa sijasema muanike kila kitu. Mimi nilimpea mwenye hoteli fulani sampo bila karatasi yoyote, baada ya miezi nikaona zingine kumi zimetengenezwa kwingine. Kama kitu yako ni mpya kweli, anza na KIPI, ile ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi, kabla hujaizungusha, hataza ni miaka 20, na kuna cheti cha vitu vidogo vidogo vya kuboresha, hicho ni miaka 10. Mteja mkubwa akitaka sampo, andikishaneni, hata kama ni kwa karatasi ya daftari na shahidi wawili.

Lakini ile shida imekushinda unaificha ya nini? Nani atakuibia kisu butu? Peleka KIRDI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, waangalie hicho chuma, ama uliza hao wanafunzi wa injinia wanaotafuta projekti, ama kwanza uliza jirani, huyo hata nauli hutalipa.

Jumamosi saa nne nitakuwa pale kwa mama wa chai. Wewe wa gunia, kuja nayo. Mimi nitabeba ile yangu ya viazi, bado iko, kisu kimoja tu ndio kimevunjika.