Tindikali ya dumu hili inakata saruji, ya dumu lile haikati. Kwa nini?

Lalamiko tunalolisikia sana kutoka kwa mafundi vigae ni hili: tindikali ya juzi ilikata saruji vizuri, ya leo inatoa povu kidogo kisha inalala. Jina ni lilelile, asidi hidrokloriki, ila kilichomo si kimoja.

Asidi hii ni gesi ya haidrojeni kloraidi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ya maabara hufika asilimia 37 hivi. Ya viwandani kwa kawaida ni 30 hadi 33. Sehemu inayobaki ni maji. Kwa hiyo usilinganishe bei ya dumu kwa dumu. Dumu la lita 25 lenye asilimia 32 lina kilo 9 na ushei za asidi yenyewe. Likichakachuliwa hadi asilimia 15, zinabaki kilo 4 tu, na wewe umelipia ujazo uleule. Yenye nguvu hufuka moshi mweupe mara tu ukilegeza kifuniko. Iliyoshuka chini ya 20 haifuki hivyo.

Rangi nayo itazame. Asidi safi haina rangi kabisa. Umanjano mara nyingi ni chuma kilichoyeyuka humo, na kiasi kidogo mno kinatosha kuipaka rangi. Kwa saruji iliyoganda juu ya vigae, haina neno. Kwa bwawa la kuogelea ina neno, maana chuma huacha madoa ya kahawia ukutani. Ikivuta kijani, usiinunue: huenda ilishatumika kuondolea kutu kwenye vyuma, nguvu imekwisha. Hapo hata haidromita ya fundi betri, kile kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, itakudanganya. Asilimia 32 iliyo safi husoma 1.16 hivi, lakini chuma kilichoyeyuka nacho huongeza uzito, kwa hiyo asidi iliyochoka inaweza kusoma vizuri.

Ndiyo maana dukani kwetu hatuishii kwenye haidromita. Tunachukua kiasi kidogo, tunakizimua, kisha tunakipima kwa magadi safi yaliyopimwa uzito, mbele yako, na kukuandikia asilimia. Hata kama hukununua kwetu, lete sampuli. Iweke kwenye chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko kinachobana, kiandike jina, na tafadhali isiwe chupa ya maji ya kunywa, maana watoto hawasomi maandishi.