Wizi wa kripto: tuambieni kilichovunjika ni nini

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu hizi habari za udukuzi kwenye miradi midogo ya kripto, yaani sarafu za kidijitali. Kila ukitokea tunapewa kichwa kikubwa cha habari, picha ya Bitcoin hata kama Bitcoin haihusiki kabisa, idadi ya dola, basi imeisha. Msomaji anajua pesa zimeenda ila hajui zimeendaje.

Chukua Nomad, Agosti 2022, karibu dola milioni 190 zilichotwa. Ile ilikuwa daraja la kuhamisha sarafu kutoka mtandao mmoja wa kripto kwenda mwingine, walipobadilisha programu yao ikaanza kukubali maombi ambayo hayajathibitishwa, sasa wa kwanza alipofanikiwa wengine wakakopi muamala wake, wakatoa anwani yake ya kupokelea sarafu wakabandika ya kwao, wakachota. Hao si wadukuzi wa kwenye sinema jamani, ni duka limeachwa wazi usiku! Tena wapo waliochukua ili kuziokoa, wakarudisha.

Ombi langu, ripota aseme kama ni programu ilikuwa na kasoro, ni funguo za siri za kuidhinisha kutoa sarafu zimeibiwa, au wenye mradi wenyewe wametoroka na pesa, maana hayo ni mambo tofauti na aliyeweka akiba yake pale anahitaji kujua adai wapi. Halafu mrudi baada ya mwezi mtuambie waliopoteza wamelipwa au bado, hata kama mradi wenyewe haujulikani.

Msomaji wenu