Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkutubi na Mhadhiri Kabla ya Andiko Kutumwa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wakutubi wa vyuo vikuu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia. Nitajikita katika jambo lililotawala vikao vya kamati tendaji, yaani huduma tunayowapa wahadhiri wakati huu ambapo kusoma, kutafiti na kuchapisha kwao kumehamia kwenye kompyuta.

Mwaka huu mhadhiri kijana alinijia na barua ya jarida lililoikubali makala yake siku tatu tu baada ya kuipokea, naye alikuwa amekwisha kulipa ada ya uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Wahariri waliotajwa hawakujulikana popote, wala hapakuwa na dalili kwamba makala ilisomwa na mtaalamu yeyote. Alipoomba kuiondoa ili aipeleke kwingine, alidaiwa fedha zaidi. Utafiti ule, alioufanyia kazi vijijini kwa misimu miwili ya mvua, ulikuwa mzuri. Kilichoniuma ni kwamba nusu saa ya mkutubi ingemwokoa, lakini hakuwahi kuambiwa kuwa maktaba inafanya kazi hiyo.

Orodha ya majarida ya kitapeli aliyoitunza mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, Marekani, iliondolewa mtandaoni Januari 2017, na kwa maoni yangu hatukupaswa kuegemea hukumu ya mtu mmoja. Afadhali tumfundishe mhadhiri kuchunguza mwenyewe kama jarida limo katika DOAJ, saraka ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden mwaka 2003, kama wahariri wanatambuliwa na vyuo wanavyodai kutoka, na kama ada imetajwa waziwazi kabla andiko halijatumwa. Kwa majarida ya Afrika, AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, iliyoanza mwaka 1998, ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa kuwamo humo peke yake si uthibitisho wa ubora.

Kuhusu usomaji, mpango wa Research4Life, ulioanza na HINARI ya afya mwaka 2002 na kufuatiwa na AGORA ya kilimo mwaka 2003, unazipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo, majarida kwa bure au kwa malipo madogo. Hata hivyo, bado nakutana na wahadhiri wasioijua nywila ya chuo chao, ambao huandika mapitio yao ya tafiti zilizotangulia kwa kutegemea muhtasari wa makala tu.

Vilevile, wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala yake iliyokubaliwa katika hazina ya kidijitali ya chuo, pengine baada ya muda fulani kupita. Kusoma masharti hayo ni kazi yetu. Tusimwachie mhadhiri mwenye mitihani mia mbili ya kusahihisha. Tumsaidie pia kujisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, inayotolewa bila malipo tangu 2012, kwa sababu majina yetu matatu hupangwa leo hivi na kesho vile, na kazi za mtu mmoja huishia kuhesabiwa kuwa za watu wawili.

Kamati tendaji inapendekeza kila maktaba mwanachama imteue mkutubi mmoja kwa kila kitivo, ahudhurie vikao vya idara, na jina na simu yake vibandikwe katika ofisi ya mkuu wa idara. Maktaba zenye watumishi wachache zinaweza kuanza na kitivo kimoja. Pendekezo hili litajadiliwa na kupigiwa kura mara baada ya kupokelewa kwa taarifa hii.

Mwenyekiti