Duara la mwanga halihitaji moto

Mhariri,

Picha za usiku zenye duara la cheche zimewavutia vijana wengi wenye kamera, na wanaziiga kwa njia ya hatari. Huchukua nyuzi laini za chuma, zile za kusugulia sufuria, wakazijaza ndani ya kifaa cha waya cha kupigia mayai, wakaziwasha na kuzizungusha kwa kamba. Kinachoruka pale ni chembe za chuma kinachoungua. Zikitua kwenye paa la makuti au nyasi za kiangazi hufukuta kimya, na moto waweza kuwaka wapigaji wameshaondoka. Zikigonga lenzi huacha vidoa visivyofutika. Tunawasihi waache.

Mwaka 1949, huko Vallauris, Ufaransa, mpiga picha Gjon Mili alimpiga picha mchoraji Pablo Picasso akichora hewani kwa taa ndogo ya umeme gizani. Hakuna kilichoungua, na picha zile zinatazamwa hadi leo.

Anayetaka duara, afunge taa ndogo ya LED kwenye kamba ya sentimita 60 hivi. Kamera ikae juu ya stendi, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikipungua, tundu hupanuka), shata, yaani mlango wa mwanga, wazi sekunde 30. Aweke jiwe chini, kisha azungushe taa wimawima ili kila ikishuka ipite juu ya jiwe hilohilo, huku naye akilizunguka kwa hatua fupifupi. Nusu mzunguko hutosha kukamilisha tufe, yaani duara lenye umbo la mpira. Tufe likitoka kama yai, ujue taa iliacha kupita juu ya jiwe. Mstari ukitoka nukta nukta, taa yenyewe inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Jaribu nyingine, au iwashe kwa nguvu yake yote.

Hapa ndipo wengi hukwama: mstari ukiwa hafifu huongeza sekunde. Sekunde zaidi hung'arisha anga na mandhari, lakini mstari haubadiliki, kwa sababu taa hupita kila mahali kwa muda uleule mfupi. Ili mstari ung'ae, fungua lenzi hadi f/5.6, pandisha ISO, au punguza kasi ya mkono.

Kumulika kitu kikubwa, kama mbuyu, ni kazi nyingine. Kwa tochi ya kawaida ukiwa mita 10 kutoka kwenye shina, anzia ISO 400, f/5.6, sekunde 30, na umulike kwa sekunde 12 hadi 15 tu, mkono ukitembea muda wote kama unapaka chokaa. Ukisimama mbali mara mbili, utahitaji muda mara nne. Usimulike ukiwa karibu na kamera, maana kila kitu kitaonekana bapa. Nenda pembeni. Kuta za mawe ya matumbawe, kama za magofu ya kale ya Kaole karibu na Bagamoyo, zikimulikwa kutoka ubavuni huonyesha kila shimo na kila ufa, na hilo cheche haziwezi kulifanya. Ruhusa ya kuingia usiku iombwe mapema.

Kamera haioni gizani, kwa hiyo mulika shina kwanza, lenga, kisha hamisha lenzi kwenye kulenga kwa mkono ili isianze kuhangaika shata ikifunguka. Zima kituliza mtikisiko, kwani juu ya stendi chaweza kuleta ukungu kwenye picha. Tumia taima ya sekunde 2. Vaa nguo nyeusi, usisimame mahali pamoja, na mwanga usikuguse. Chagua usiku wa giza. Mwezi mpevu humeza kazi yote. Simu nyingi zenye mpangilio unaouweka mwenyewe hufika sekunde 30, nazo zinafaa.

Kwako Mhariri, tunaomba picha za cheche zikichapishwa, chini yake yaandikwe maneno machache kwamba zilipigwa kwa moto, na kwamba duara kama hilo hupatikana kwa taa.

Wapiga picha za usiku,
Bagamoyo