Nimtegemee Vipi Mungu Aliyenyamaza?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo nimelizungumza na watu wachache sana, kwa sababu kanisani kwetu mimi ndiye ninayetarajiwa kuwatia wengine moyo, na mtu wa nafasi hiyo akisema kwamba haoni tena mkono wa Mungu, maneno yake huenea upesi na kuwaumiza wasiohusika. Sijaacha kuamini kwamba Mungu yupo. Ninachoomba ni kuelekezwa namna ya kuendelea kuutegemea ulinzi wake wakati ambapo kila dalili ya ulinzi huo imeniondokea, na pia kuambiwa kama ni haki niendelee kuwaongoza wenzangu katika maombi nikiwa katika hali hii.

Mume wangu, Baba Neema, figo zake zilishindwa kufanya kazi mwaka 2023, baada ya kuishi na shinikizo la damu kwa muda mrefu bila kujua. Tangu hapo husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila mara hukaa kitini karibu saa nne. Bima ya afya ya taifa, ambayo tangu Oktoba 2024 ni SHA badala ya NHIF, hugharamia mashine hiyo, na kwa hilo ninashukuru kwa dhati. Lakini ugonjwa huu hauishii hospitalini. Nyumbani maji yake hupimwa kwa kikombe, kwa kuwa mwili wake hauwezi tena kuyatoa. Viazi na sukuma wiki huchemshwa kwanza na maji yake kumwagwa ndipo vipikwe, ili kupunguza potasiamu, ambayo ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo. Ndizi na parachichi, alivyovipenda mno, haviingii tena mezani. Mkononi mwake daktari wa upasuaji aliunganisha ateri na vena ili sindano za mashine zipate njia, na mahali hapo hutetema chini ya ngozi usiku na mchana. Tulifundishwa kupagusa kila siku, maana mtetemo ukikoma ni ishara kwamba mshipa umeziba. Basi kila alfajiri, kabla sijatoka kwenda shuleni ninakofundisha, huweka vidole vyangu pale mpaka niusikie. Kwa mume wangu ninajua pa kugusa ili nijue kwamba uhai bado unapita. Kwa Mungu sijui niguse wapi.

Si ugonjwa wenyewe ulionifikisha hapa. Tuliupokea kwa machozi, lakini tuliupokea. Kilichonitikisa ni jambo lililofuata. Mdogo wake Baba Neema alijitolea kumpa figo moja, bila kuombwa na bila masharti. Tulifunga, tukakesha, na akina mama wa kikundi chetu wakashika zamu za maombi. Vipimo vikaanza, na kila kimoja kilipotoka vizuri tulisema Bwana ametenda: kundi la damu lililingana, figo zake zilikuwa nzima, moyo wake ulikuwa sawa. Kasisi alitoa shukrani mbele ya ibada nzima. Kisha kikaja kipimo cha mwisho, cha kuchanganya damu ya wawili hao, kikaonyesha kwamba kingamwili za mume wangu zingeishambulia figo ya ndugu yake mara tu ikipandikizwa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba damu aliyoongezewa alipozidiwa mwanzoni huenda ndiyo iliyozalisha kingamwili hizo. Yaani kilichomwokoa siku zile huenda ndicho kilichomfungia njia. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Hupiga magoti, na hakuna linalokuja.

Nimepewa ushauri wa kila namna, na sehemu yake nimeikataa. Mtu mmoja aliniambia nipande mbegu ya fedha ili muujiza ufunguke. Mwingine aliniuliza, kwa sauti ya huruma, kama kuna dhambi iliyofichwa nyumbani kwetu. Haya siyakubali hata kidogo, kwa sababu marafiki wa Ayubu walisema maneno ya namna hiyo hiyo, na mwisho wa kitabu kile Mungu alikasirika kwamba hawakunena yaliyo sawa habari zake, wakati Ayubu aliyelia na kuhoji ndiye aliyehesabiwa kuwa amenena sawa. Kasisi wetu, ambaye ninamheshimu, alinisomea habari za Lazaro, jinsi Yesu alivyopata habari kwamba rafiki yake ni mgonjwa na bado akakaa siku mbili zaidi alipokuwa. Ninaiamini habari hiyo. Hata hivyo, aliponiachia Biblia macho yangu yalibaki kwa Martha, aliyesema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ninamwelewa Martha kuliko ninavyomwelewa mtu mwingine yeyote katika sura ile.

Wapo pia wanaoniambia kwamba ulinzi wa Mungu niutafute kwa majirani, na hawa ndio walionisaidia zaidi. Sikatai kwamba walimu wenzangu wamechanga mara kadhaa kwa M-Pesa, wala kwamba jirani yetu humsindikiza Baba Neema hospitalini siku ambazo siwezi kuondoka darasani, wakapande matatu Barabara ya Jogoo kabla msongamano haujaanza. Hata hivyo kuna mama tuliyezoea kukaa naye kwenye benchi la nje ya hospitali, tukigawana chai ya chupa. Hakuwa na kikundi wala jamaa wa karibu hapa mjini, na alimlea mumewe mgonjwa peke yake. Mume huyo alifariki. Kama ninauona ulinzi wa Mungu katika michango yangu, nimwambie nini mama yule, ambaye aliomba kama nilivyoomba? Swali hili huninyima usingizi kuliko hata hofu yangu mwenyewe.

Kwa sasa ninachoweza kuomba ni Zaburi tu, tena si zote. Zaburi ya 13 huanza na "hata lini", lakini kufikia mstari wa 5 mwimbaji tayari amezitumainia fadhili za Mungu, nami siwezi kuruka kutoka mstari wa 4 hadi wa 5 kwa haraka namna ile. Zaburi ya 88 ndiyo ninayoirudia, kwa sababu inaishia gizani bila mgeuko wowote, na bado tangu mwanzo mwimbaji anamwita Bwana kuwa Mungu wa wokovu wake. Nilipata pia nguvu niliposoma kwamba Mama Teresa wa Kolkata, aliyefariki mwaka 1997, aliishi miaka mingi bila kuuhisi uwepo wa Mungu, na kwamba barua zake za siri kuhusu giza hilo zilichapishwa kwa wingi mwaka 2007. Wengine walishtushwa na barua hizo. Mimi zilinipa mwenzangu wa safari.

Binti yetu, aliye shule ya sekondari, aliniuliza tukiosha vyombo, "Mama, wewe unaomba kila siku. Mbona hajibu?" Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba bado ninamwita. Alinyamaza, kisha akaniomba tusome zaburi ile pamoja. Niliona kwamba ukweli haukumwangusha, na hapo ndipo swali langu kwako lilipozaliwa.

Jumatano zote ndimi ninayeongoza maombi ya akina mama, na sasa nimeombwa kutoa ushuhuda katika Jumapili yetu ya akina mama, jambo ambalo desturi yetu hulipa sura moja tu: tatizo, maombi, ushindi. Mimi sina ushindi wa kusimulia. Je, nijiuzulu kwa muda mpaka moyo utulie, nisije nikawa ninasema kwa midomo yale ambayo moyo hauyasikii? Au nisimame mbele yao nisome Zaburi ya 88, niwaambie wazi kwamba hapa ndipo nilipo, na kwamba bado sijamwacha Mungu? Ninawafikiria hasa wale walio katika hali kama yangu na wanaoona haya kusema. Ninawafikiria pia walio wachanga katika imani, ambao huenda wakaondoka wakisema hata Mama Neema ameshindwa. Na iwapo wewe, au msomaji yeyote, umewahi kupita katika ukimya wa namna hii, tafadhali nieleze ulishika nini siku zile ambazo hukuhisi lolote, na kama ulijifunza kuomba tena kwa maneno yako mwenyewe, yalirudi kwa njia gani.

Wako katika imani,
Mama Neema,
Umoja, Nairobi.