Mdogo wangu, ndani ya jiwe hilo hamna jani

Mdogo wangu mpendwa,

Jiwe ulilonitumia picha yake, lile lenye michoro myeusi kama majani madogo yenye matawi, si kisukuku cha mmea, yaani mabaki ya mmea yaliyogeuka jiwe. Hiyo ni manganizi, metali ambayo oksidi yake ni nyeusi. Maji yaliyobeba manganizi hupenya katika ufa mwembamba wa mwamba, na yakikutana na hewa huacha chembe nyeusi zinazojipanga kwa matawi kadiri maji yanavyosogea. Nakujibu hadharani kwa sababu hapa Lubumbashi si wewe peke yako unayedanganywa na michoro hiyo, na kinachoniuma ni kwamba watu huhifadhi jani la uongo huku wakikanyaga kisukuku cha kweli.

Hakikisha mwenyewe. Chukua kioo cha kukuzia. Jani lina mshipa wa katikati na ukingo wake, lakini mchoro huu hauna mshipa, na matawi yake huanzia kwenye mdomo wa ufa. Ukikwaruza kwa ncha ya kisu utapata vumbi jeusi, na chini yake jiwe tupu. Kisha nunua famasi maji ya oksijeni ya asilimia 3, yale ya kusafishia vidonda, na udondoshe tone moja. Yakitoa mapovu juu ya ile rangi nyeusi na kutulia pembeni, ujue ni oksidi ya metali. Kwetu Katanga huenda ikawa kobalti badala ya manganizi, kwa kuwa heterojeniti, madini ya kobalti, nayo ni nyeusi, ila jani halipo kwa vyovyote.

Umri nao unakataa. Miamba ya ukanda wetu wa shaba imepangwa kwa makundi matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Roan, ambayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya shaba na kobalti, ilianza kutandazwa baada ya miaka milioni 880 iliyopita. Mimea ya nchi kavu ilitokea karibu miaka milioni 470 iliyopita, na dinosaria baadaye sana. Kwa hiyo ukiuziwa mfupa na kuambiwa umetoka katika mwamba wa shaba, rudisha.

Mipaka ya makundi hayo inatambulika hata kwa asiye mwanajiolojia. Nguba inaanza na Grand Conglomérat, Kundelungu inaanza na Petit Conglomérat. Yote mawili ni matope magumu ya kijivu yaliyochanganyika na mawe ya kila ukubwa, mengine ya mviringo, mengine yenye kona, bila mpangilio. Maji ya mto hupanga mzigo wake, makubwa huku na madogo kule. Barafu hubeba vyote pamoja na kuvimwaga ikiyeyuka. Wanajiolojia huyahusisha mawe haya na nyakati mbili ambazo barafu ilifika hadi karibu na ikweta, ya kwanza ikianza kama miaka milioni 717 iliyopita na ya pili ikiisha kama miaka milioni 635 iliyopita. Juu ya Petit Conglomérat kuna chokaa ya rangi ya waridi, dalili kwamba bahari ilipata joto tena.

Usiombe mtu akupimie umri huo kwa kaboni. Kaboni 14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 haibaki ya kutosha kupimwa. Miamba hii hupimwa kwa urani na metali ya risasi inayotokana nayo, zilizofungwa ndani ya chembe ndogo za madini magumu yaitwayo zirkoni.

Sasa kisukuku chenyewe. Ndani ya Roan kuna tabaka ambalo wachimbaji huliita RSC (kwa Kifaransa Roches Siliceuses Cellulaires), gumu, la kijivu, lenye matundu mengi pale ambapo kabonati (madini ya aina ya chokaa) imeyeyuka na kuacha silika (madini ya mchanga na kioo). Kwa kawaida shaba hukaa chini yake na juu yake, hivyo RSC yenyewe hutupwa kwenye rundo la taka. Humo ndimo zilimo stromatoliti: utando wa bakteria waliokuwa wakiishi kwa mwanga wa jua katika maji ya kina kifupi, wakinasa matope na kuongeza utando juu ya utando, hadi kikainuka kilima kidogo kama kichuguu. Stromatoliti hazijaisha duniani. Shark Bay, Australia, zinakua mpaka leo.

Ukizitafuta kwenye rundo, mwagia jiwe maji kwanza, mistari itokeze na vumbi la silika lisiingie mapafuni. Tafuta mistari myembamba iliyopinda kama kabichi iliyokatwa, kuba juu ya kuba. Jaribio la siki, lile la kutafuta mapovu ya kabonati, halisaidii hapa, maana silika haitoi mapovu. Malakiti, madini ya shaba, nayo ina mistari ya mviringo, lakini ni ya kijani na huanzia kwenye kuta za tundu.

Lingine ni kujua juu ni wapi. Tunafundishwa kwamba tabaka la chini ndilo la zamani zaidi, na ni kweli pale ambapo hakuna kilichosukumwa. Katanga nguvu zilizoinua milima ziliikunja miamba hii na kuivunja, na mahali pengine tabaka zimepinduka kabisa. Anayehesabu kutoka chini kwenda juu bila kuangalia hilo atasoma historia kinyume. Stromatoliti hukuonyesha: mgongo wa kuba ulielekea juani. Ukiona migongo inatazama chini kwenye ukuta wa mgodi, ukuta wote umepinduka.

Ukitaka jani la kweli, nenda kwenye makaa ya mawe ya Luena au ya Lukuga karibu na Kalemie. Hayo ni ya kipindi cha Permiani, kati ya miaka milioni 299 na 252 iliyopita.

Usiingie chini ya kuta za mgodi wakati wa mvua, na mawe yenye ukoko wa njano kali au rangi ya chungwa usiyalete nyumbani, kwa kuwa Katanga ina urani. Ukikuta stromatoliti ingali ukutani, ipige picha na kalamu pembeni kwa kipimo, chora mshale wa juu kwa chaki, andika mahali na tarehe. Nitumie hiyo picha kabla hujashika nyundo.

Yaya wako